Masizi Yatasema

Meza ya jikoni ndiyo karakana leo.
Mama ametandika gunia juu yake, si kwa hiari:
"Saa kumi na mbili nataka meza yangu,
bunduki iwe imepona au imekufa."

Imelala chali, haijaonja risasi tangu Numbi azaliwe.
Hata hivyo Baba ameifungua mara tatu, akachungulia mtutu,
akanipa nami nichungulie: mwanga tu, duara la dirisha.
Ufa umeshuka kitakoni toka shingo hadi kisigino,
ufa wa siku ile alipoteleza kwenye mawe ya Kafubu
akaangukia alichokibeba.

Mkono wake wa kuume unatetemeka bado,
basi yeye ni mdomo, mimi ni mikono.

"Bisibisi."
Namletea. "Hiyo ni ya redio."
Namletea nyingine. "Hiyo ulifungulia kopo la rangi,
imepinda mdomo kama shangazi yako."
Ya tatu tunainoa kwa tupa, kidogo, kidogo tena,
mpaka inajaza mfereji wa skrubu bila kucheza,
mguu ndani ya kiatu chake, si cha kuazima.
Skrubu ya miaka arobaini ikalia,
ikakaza,
ikakubali.

Kisimba wa jirani katuazima keekee ya umeme,
ya kijani, mpya, ina kelele za waziri.
Nikaichomeka. Umeme ukaondoka Katuba nzima.
Baba alicheka mpaka akakohoa.
Tukairudia keekee ya kuzungusha kwa mkono,
ile aliyotoka nayo kiwandani
mwezi walioshindwa kumpa mshahara.

Patasi ziko tatu. Aliyoitaka ni nyembamba, ya upana wa kidole cha mwisho.
Akaipitisha kwenye malaika ya mkono wake; yakaanguka.
Msumeno wa meno mapana aliukataa kwa jicho tu.

Halafu ubao.
Nilioununua Kenia, nilioupigania bei asubuhi nzima,
aliugonga kwa kifundo, akausikiliza, akaurudisha.
"Huu bado unakunywa maji. Utajipinda kabla ya Agosti."
Nikanyamaza. Pesa zangu zile.

Mama akatoka bila neno, akarudi na ubavu wa kitanda:
mulombwa, wekundu wake umegeuka kahawa,
kitanda walichoanzia nacho maisha,
kikavunjika mguu mwaka tuliohama Likasi.
"Huu umekauka," akasema. "Kauka kabisa."
Baba aliutazama ubao, hakumtazama yeye.
Mafuta ya mawese aliyoleta kuupaka, hapo alikataa:
"Yananata. Huyu si kuku."

Jambo kubwa halimo sandukuni. Alifundisha kwa koroboi:
kipake chuma masizi, kigandamize kwenye mti, kinyanyue.
Palipobaki weusi, ndipo mti unapoumia.
Hapo tu, toa ganda moja, jembamba kama la kitunguu.
Rudia. Usiyaamini macho. Masizi yatasema.

Nilirudia mara ishirini, labda thelathini.
Nje Mama alikwisha washa mbabula,
amechoka kuingoja meza, anasongea bukari uani.
Vidole vyangu vyeusi hadi kwenye viwiko.
Mwishoni chuma kikakaa
na mti haukuwa na neno.

"Sasa kipimo."
Nikachukua urefu wa kitako cha zamani, kama ulivyokuwa,
nikamwekea begani.
Umezidi. Vidole viwili vizima.
Nikasema labda nimepima vibaya.
Nikamshika bega, nikalinyoosha, nikapima tena.
Vidole viwili.
"Chukua msumeno," akasema, "ule mdogo."
Kisha: "Ngoja. Kiweke kwako."
Nikakiweka. Kilikaa.
Hakuna aliyeugusa msumeno.

Tulikula gizani, bunduki imesimama pembeni kama mgeni.
Umeme uliporudi, ghafla, wote tukifumba macho,
nikaona shati lake jeupe la Jumapili
lina vidole vyangu vitano, vyeusi, begani.
Hapo hapo nilipomshika.
Hapo tu.