Kufuli Tatu

Juu ya duka la masufuria, Leicester, Januari,
Bi Hansaben, mzaliwa wa Tanga,
huwafundisha wenzangu kwa Kiingereza;
akinifikia mimi hugeuza ulimi:
"Wewe, toa pumzi yote. Funga kufuli ya chini."
Nacheka kimoyomoyo: kwetu Temeke
kufuli ni vazi, na halitajwi mbele ya bibi.
Hacheki. "Chini, nimesema."

Nakaza. Tumbo nalivuta ndani, chini ya mbavu.
Kidevu nakishusha kifuani.
Kufuli tatu, na pumzi imebaki nje,
imesimama kwenye ngazi, na baridi ile,
wala haipigi hodi.

Tano.
Saba: Mzee Pettifer, zamu ya usiku,
nimemshikia kinyago cha oksijeni,
macho yake yananiuliza: inakuja?
Tisa.
Tisa na nusu. Sikujua kuna nusu.

"Fungua. Anza juu, shuka. Usiipapie."
Kidevu. Tumbo. Ya chini inagoma kidogo,
kisha inaachia.

Hewa ikaingia polepole, mwenye nyumba,
ikinuka bizari inayokaangwa kwa jirani.
"Karibu," nikaropoka, darasa zima likageuka.
Hansaben, macho kafumba:
"Starehe."