Mapovu

Jina halimo.
Nimepitisha kidole mara tatu:
Mabry, Maddox, Mangum, halafu orodha inaruka
kama mtu arukaye dimbwi asichafue viatu:
Massey.

Naye amesimama mbele yangu, fimbo ya alumini,
kofia ya zambarau ya kanisani, siku ya Jumanne.
Saa tatu kwenye foleni, chini ya jua la Alabama
lisilojua kwamba ni Novemba.
Amekuja maili kumi na tisa kwa gari la jirani,
maana kituo cha Mlima Sayuni,
hatua arobaini toka mlangoni pake,
kimefungwa. Kubana matumizi, walisema.

"Verdell Mapp," anarudia taratibu,
herufi moja moja, kana kwamba mimi ndiye
nisiyejua kusoma.

Kompyuta inasema: kadi ya posta ilitumwa, haikujibiwa.
Kadi ya posta!
Kikaratasi kisichotosha kufungia njugu
kimemfuta mtu wa miaka themanini na minne.

Na mimi namjua.

Mwaka wa sitini na tatu baba yangu alikaa kwenye meza kama hii,
ila yake ilikuwa ya mwaloni,
mwandikishaji wa kaunti, kalamu mbili mfukoni.
Jioni moja, kati ya kuku na mbaazi, akatusimulia:
leo kaja yule mwalimu, Verdell Mapp,
kanijibu katiba kifungu kwa kifungu
mpaka maswali yakaniishia.
Ikabidi nimuulize,
kipande cha sabuni kina mapovu mangapi?

Mama alicheka, kitambaa mdomoni.
Kaka alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani.
Mimi nilikuwa na miaka tisa. Sikuelewa kitu.
Nikacheka kuliko wote.

Dawa ya deni ni kulipa. Sawa.
Ile kodi ya kura, dola moja na nusu,
baba aliidai hadi senti ya mwisho.
Lakini kicheko hulipwa kwa sarafu gani,
na nani mwenye chenji?

Nasema nilichofunzwa kwenye semina:
kuna kura ya muda, mama, bahasha ya kijani,
utajaza, utasaini,
bodi itaamua ndani ya siku saba.

"Bodi."
Analionja neno kama maziwa yaliyolala nje.
"Bodi ni nani?"
Nataja majina matatu.
La tatu ni la mtoto wa kaka yangu.

Anatazama kifua changu, kibandiko chenye jina.
"Tuttle," anasema, wala si swali.
"Baba yako alikuwa na mwandiko mzuri.
Barua ya kunikataa ninayo mpaka leo,
hata nukta hazikupotoka."

Anasaini. Saini inapanda mlima, inashuka,
inapumzika katikati, inaendelea.
Watu nyuma yake wamenyamaza.
Kijana mmoja mwenye buti za matope
amemshikia fimbo bila kuombwa.

Namnyooshea ile stika ndogo, *Nimepiga Kura*.
Anaisukuma irudi kwangu kwa ncha ya kidole.
"Itunze. Nitaifuata siku ya nane."

Nami, mjinga, nikiwa na miaka sabini,
siwezi kuzuia mdomo:
"Ulimjibu nini? Siku ile. Kuhusu sabuni."
Maana baba hakutuambia.
Hadithi yake iliishia kwenye swali, kicheko,
nipitishie chumvi.

Amekwisha kugeuka. Anaongea akiwa ananipa mgongo,
kofia ya zambarau ikitikisika kidogo.
"Nilimwambia alete beseni na maji,
tuhesabu pamoja.
Hakuinuka."

Siku ya nane ni Jumatano.
Stika iko kwenye pochi yangu, imeanza kujikunja pembe.
Namba ya mtoto wa kaka naijua bila kuangalia.
Simu inaita.
Inaita.