Kubandua Kumi

Kazi yangu ni namba. Mtaa wa Narung'ombe,
ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitenge:
pasi ya umeme, karatasi ya plastiki,
bandika, hesabu hadi kumi na tano, inua.
Nimewabandikia mabeki wa Tandika, makipa wa Yombo,
wachinjaji wa Vingunguti waliofungwa saba bila
wakarudi wanacheka.
Ila kumi sikuibandika hovyo.
Kumi niliuliza kwanza: ya nani?

Ya Mwinyimvua, walisema. Ya Breki.

Mlimwona? Basi hamkumwona.
Wenzake tisa wanakimbia kama wanaodaiwa,
yeye kasimama katikati ya Kinesi,
mkono kiunoni, soksi zimeshuka,
mithili ya mtu aliyesahau alichotumwa dukani.
Mpira ukimfikia, anakanyaga.
Anakanyaga!
Na uwanja mzima unakanyaga naye:
muuza kashata anasita na chenji ya watu mkononi,
beki anasita, vumbi lenyewe linasita,
halafu, taratibu, pasi inapita
penye uchochoro asioujua hata mjumbe wa nyumba kumi.
Yeye na mimi tulikula kwa pasi,
yake ya mguu, yangu ya moto.

Akaja kocha Lwitiko na kishikwambi chake
na vijisidiria vyeusi vyenye kidude mgongoni.
Kidude kinahesabu mita.
Anayesimama anaandikwa mgonjwa.
"Subira huvuta heri?" kocha alicheka.
"Siku hizi subira huvuta kaunta."
Kumi, akasema, ndiye beki wa kwanza.
Kumi akabe. Kumi arudi. Kumi azibe njia,
yule yule aliyezaliwa kuzifungua.

Sikatai. Nimeona na mimi.
Anayesimama sasa anavamiwa na watatu
kabla hajainua kichwa.
Uwanja umekuwa Kariakoo mkesha wa Idi:
hakuna pa kuweka mguu, seuze wazo.

Jumanne alikuja na jezi kaikunja kama barua.
"Ibandue. Niwekee ishirini na sita.
Nimerudishwa nyuma, mbele ya mabeki."
"Na kumi?"
"Kapewa Chande."
Chande namjua. Miaka kumi na tisa, mapafu ya punda,
anakimbia hadi mpira unamwonea huruma.
Mtoto mzuri. Hukuamkia hata akiwa mbioni.

Nikawasha pasi. Gundi ikalainika.
Moja ilitoka bila maneno.
Sifuri ilikataa,
ikatoka na nyuzi.

Jumapili nilikwenda. Dakika ya sabini na kitu
Mwinyimvua alipokea mpira huko nyuma,
mbali na lango kama Gongo la Mboto na Posta,
akakanyaga.
Muuza kashata akanyamaza.
Kocha keshanyanyuka, kishikwambi kwapani, mdomo wazi.
Pasi ikatoka, ndefu, chini kwa chini,
ikavuka watu wanne, ikaenda kutulia
pale hasa palipotakiwa mtu.

Hapakuwa na mtu.
Chande alikuwa upande wa pili, anakaba,
kama alivyoagizwa.

Mpira ukatoka nje polepole.
Mtoto mmoja akaufuata mtaroni.
Watu wakazomea. Mimi nikapiga makofi,
nikajisikia niko peke yangu, nikaona haya,
nikajifanya nafukuza nzi.

Jezi ile ukiitazama juani,
kando kando ya ishirini na sita,
kumi bado ipo: kitambaa pale hakijapauka.
Sikumwambia.
Na buku tatu yangu ya kubandua
sijamdai.