Upande wa Witiri

Serikali imechora mstari mjini Leicester
ukapita katikati ya barabara yetu:
nyumba za witiri ndani, za shufwa nje.
Mimi ni thelathini na saba. Nimefungiwa.
Bwana Oldershaw, thelathini na nane,
hatua kumi na nne kutoka mlangoni kwangu
(nilizihesabu, muda ninao),
yeye yuko huru, anywe bia yake, akanyolewe.
Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.
Nimetia maji tangu Machi;
kinyozi yuko ng'ambo.

Kirusi nacho, nadhani, kilipewa nakala ya ramani.
Kilifika kwenye mfereji wa maji ya mvua,
kikasoma, kikageuka.

Saa kumi na moja jioni watu watatu
nyuma ya meza tatu za kusimamia
wanatuonyesha mlima wa buluu.
Tumeshavuka kilele, wanasema.
Hawasemi nani alibaki kule juu.

Bi. Hansa Raichura ni mteja wangu wa nne.
Dakika ishirini na tano: vidonge, soksi za kubana, chai.
Aliondoka Kisumu na masanduku mawili
na Kiswahili cha jikoni ambacho hakikuwahi kukua.
Takwimu hajui. Karantini hajui.
Anajua lete, ngoja, moto, pole, basi.
Nikamtafsiria amri mpya kwa maneno hayohayo.
"Ngoja," nikamwambia.
"Mpaka lini?"
"Ngoja."
Akanitazama kama mtu aliyewahi kuambiwa hivyo
na serikali nyingine.

Barakoa zetu zilikuja boksi moja,
tarehe ya mwisho imefunikwa kibandiko.
Nilibandua, nikakuta tarehe nyingine,
chini yake nyingine, kama kitunguu.
Glavu jozi sita kwa wiki.
Wateja kumi na mmoja kwa siku.
Hesabu hiyo fanya mwenyewe.

Mwezi wa nne, Alhamisi, walitoka kunipigia makofi:
sufuria, filimbi, tarumbeta ya plastiki.
Nilikuwa nimelala, zamu ilianza alfajiri.
Niliamka nikidhani kuna moto.
Nikasimama dirishani na kitambaa changu cha kichwa,
nikapunga mkono, nikaona haya.
Makofi sijui huwekwa wapi.
Mwenye nyumba hayapokei.

Oldershaw barakoa havai.
Hafungwi mdomo kama mbwa, anasema, na huyo waziri
ambaye hata tai hajui kuifunga.
Tuligombana, yeye kizingitini kwake, mimi kwangu,
mtaa mzima ukasikiliza.
Lakini aliosha madirisha miaka arobaini,
na ule mti wake mrefu wa kuoshea
aliufunga kapu la baiskeli nchani.
Kila asubuhi anakuja mpaka kwenye chaki ya waridi
ambayo watoto waliichora badala ya serikali,
ananyoosha: maziwa, betri,
unga wa dengu wa Bi. Hansa, aina anayoitaka, siyo ile nyingine.
Polisi alipita siku moja kwa baiskeli,
gurudumu moja ndani, moja nje.
Akatazama kapu likielea.
Akauliza kama dukani kuna mayai.

Jumanne kapu halikuja.
Wala Jumatano.
"Yule wa maziwa?" akauliza Bi. Hansa.
Usiku mvua ilinyesha, chaki ikaenda.
Nina ruhusa ya kuingia nyumba kumi na moja,
yake haimo.
Nikavaa jozi ya sita, ya Ijumaa.
Chupa ya chai, tangawizi nyingi, vidonge vya homa.
Pale palipokuwa na mstari mguu ukasita
wenyewe, kama mnyama aliyezoea kamba.

Alifungua kidogo. Macho mekundu, ndevu za siku nne.
Kitaulo cha jikoni kimefunika pua na mdomo,
kimefungwa fundo kisogoni,
kimechapwa picha za kuku.
"Usicheke," akasema.
Sikucheka.
Niliiweka chai kwenye ngazi, nikarudi nyuma hatua mbili,
kisha, kwa kuwa alikuwa bado ananitazama,
moja zaidi.