Hesabu ya Harufu

Saa tatu kasoro, Mei, kusini mwa Estonia.
Unyevu: thelathini na mbili kwa mia.
Jua limekausha hata umande wa kingo za madirisha.
Ninapanda mnara, ngazi mia moja na nne,
na misonobari imesimama
kama watu wanaojua jambo na hawalisemi.

Chini kibandani mashine inanuka butanoli
na inahesabu visivyoonekana.
Saa nne, mia sita.
Saa tano, elfu nne.
Adhuhuri skrini imechora ule mchirizi uliopinda,
unaoanzia chini na kupanda, njano ikiiva nyekundu,
tunaouita ndizi;
sisi watu wa theluji,
ambao ndizi twaijua na kibandiko chake cha dukani.

Mti umepumua. Pumzi imekutana na ozoni,
ikachachuka, ikawa nzito,
zikashikana mbili, zikashikana nane,
mpaka hewa ikashindwa kuzibeba kama hewa.
Chembe.
Kavu, ngumu kama kioo:
ukiipigiza kwenye sahani ya chuma, inadunda.
Nimepima ikidunda. Sijampata wa kumweleza raha yake.

Jioni mvua. Usiku kucha mvua.
Asubuhi unyevu tisini na tano,
ukungu umefika magotini mwa miti,
na mjomba Heldur amekuja na fimbo yake,
macho yalimwaga mkono miaka tisa iliyopita.
Enzi ya kolkhozi alikuwa mgema,
si wa tembo, wa utomvu:
chale kifuani mwa msonobari, kikombe cha bati chini yake,
tapentini ikaenda Leningradi kwa treni.
Mgema asiyesifiwa na mtu,
hivyo hakupata sababu ya kulitia maji.

Akasimama mlangoni, pua juu.
“Leo msitu unanena,” akasema. “Jana ulikuwa bubu.”

Nikatazama skrini. Mia nne. Mia tatu na tisini.
Mstari umelala kama mgonjwa.
“Kinyume chake, mjomba.”
“Basi mashine yako ina mafua.”

Nikacheka, kisha sikucheka.
Maana kweli ilinukia, hata mimi nilinusa,
gome lililolowa likitoa kila lililoweka.
Harufu tele, watoto hakuna.
Maji yamewahi.
Yamewadaka njiani waliokuwa wakitafutana,
na vumbi kuukuu la juzi, limekunywa likavimba,
linameza mvuke uliobaki,
na jua liko nyuma ya blanketi.
Chembe chache nilizozinasa hazikudunda tena.
Zilinata, laini, kama zilizosamehe jambo.

Nilitaka kumweleza haya yote.
Nilianza na neno “unyevu” nikakwama,
kwa sababu alikuwa ameshaondoka mlangoni,
anapapasa shina moja baada ya jingine
akitafuta chale zake.
Alizipata. Aliziita kwa namba za safu,
kumi na saba, kumi na nane,
hii ilinipa nusu ndoo mwaka ule wa ukame.

Daftari la kituo lina sanduku mbili tu za kuweka alama.
Nikaweka alama: *siku isiyo na tukio*.
Ndivyo sheria ilivyo, na ndivyo hesabu ilivyo.
Kisha pembeni, kwa penseli,
pasipo na safu wala kizio:
Heldur, harufu kali, tangu alfajiri.