Herufi Mbili za Bure

Nalipwa kwa herufi.
Faranga mia tano moja moja, nukta sihesabu.
Ukipita duka la matairi pale Kamalondo
utasikia kinyundo changu, ti, ti, ti:
nachonga misalaba ya makaburi, vibao vya waganga wa meno,
na mara moja kikombe cha timu iliyoshindwa fainali.

Bwana Kabwit wa ofisi ya meya alikuja Jumanne
na bamba la shaba limefungwa gazetini kama samaki,
maneno yameandikwa tayari, herufi zimehesabiwa.
"Siku ya Mgunduzi imerudi," akasema.
"Ofisi zitafungwa, shule zitaandamana, watalii watakuja."
Watalii gani? Hata umeme
hupita hapa juu ya vichwa vyetu ukienda mgodini.

Mtaa ukagawanyika. Mwalimu Kafwaya akasema
bila yule mtu Lubumbashi ingekuwa vichuguu na nyasi.
Vijana wa Katuba wakaapa kuvaa nyeusi
na kuupa mnara visogo.
Ma Chansa, mke wangu, akauliza kama sukari itapanda,
maana sikukuu ni sikukuu,
na andazi halimuulizi mlaji anamsherehekea nani.

Usiku nikawasha koroboi nikaanza kazi.
Jina lake lina herufi kumi na nne.
Nilizichonga zote, hata mbili ambazo kwao hazitamkwi;
kwao hata herufi bubu ina malipo.
Kisha mstari wa chini: ALIYEGUNDUA SHABA YETU.

Mkono ukasimama baada ya ALIYE.

Baba wa babu yangu, Musonda,
alikuwa katika wale walioitwa walaji wa shaba.
Mavuno yakiisha walipanda vilimani na vikapu,
wakachimba jiwe la kijani,
wakafinyanga tanuru kwa udongo wa kichuguu
(ndiyo, Mwalimu, kichuguu),
wakavuta mivukuto ya ngozi ya swala
hadi usiku ukawa na rangi ya kidonda.
Alimimina misalaba kumi na mitatu.
Kwa kumi na miwili alioa.
Wa kumi na tatu unazuia mlango wangu usipigwe na upepo.

Ndipo akaja mwenye sikukuu, juu ya machela, na homa.
Wanasema daftari lake lipo, limehifadhiwa vizuri huko kwao,
na ukurasa wa siku ile una mstari mmoja tu juu ya njia:
kijana mmoja alinielekeza.
Kijana mmoja. Hesabu: herufi kumi na moja,
na ndani yake hakuna jina.

Basi sikuchonga G.
Nikachonga O, na N, na Y, polepole,
jasho likidondokea shaba na kuacha madoa.
ALIYEONYESHWA SHABA YETU.
Herufi mbili zaidi ya mkataba.
Sikudai.

Siku yenyewe tarumbeta zililia, moja haikuwa na sauti sawa.
Watoto walisimamishwa juani tangu saa moja.
Wale vijana walikuja na nyeusi yao, wakageuka,
kwa hiyo wao ndio hawakuona kitambaa kikianguka.
Bwana Kabwit akasoma kwa sauti kubwa
kutoka kwenye karatasi yake, si kwenye bamba:
"Aliyegundua!" Makofi.
Mwalimu Kafwaya alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.
Hakusema kitu.

Mjukuu wangu Ngosa alikuwa mabegani kwangu.
Ana miaka saba, ndiyo kwanza anazikamata silabi,
husoma kila kibao, hata vya choo.
"A-li-ye-o-nye-shwa," akasoma,
kidole kikienda hewani.
Halafu akaniinamia sikioni:
"Na nani, babu?"

Bwana Kabwit bado hajanilipa salio.
Labda amekwenda kulitazama bamba kwa macho yake.
Akirudi nitamwonyesha pia pale chini, kwenye ukingo,
nafasi niliyoiacha tupu, upana wa vidole vinne.
Nimeuliza Katuba, nimeuliza Ruashi,
nimeuliza wazee wa Kasenga wanaoleta samaki.
Hakuna anayelijua jina hilo.
Ningelichonga bila malipo, hata kama ni refu.