Bega la Kushoto

Likwata alirudi Tandahimba mwezi wa tisa
na majora sita, na lebo elfu moja
zilizofumwa Dar, kila moja kama ukucha wa kidole gumba:
MTANASHATI, herufi nyeupe.
Akasema, Shangazi, tunatoa toleo.
Toleo gani? La msimu.
Nikacheka. Huku msimu ni mmoja tu,
na haujawahi kuvaa shati jipya kabla ya mnada.

Alikuwa na picha kwenye simu:
kijana ameegemea ukuta, mikono mfukoni,
kadeti imeishia juu ya kifundo cha mguu
kana kwamba anavuka mto.
Shati halikuchomekwa. Vifungo viwili vya juu viko likizo.
"Vazi la kutulia," alisema,
"la mtu asiye na haraka."
Nikakaza mkanda wa cherehani. Nikamwacha aseme.

Rangi alizipa majina mwenyewe:
Bibo Bivu. Salfa. Vumbi la Kitama.
Ile ya kijivu ilikosa jina siku tatu
mpaka muuza uji akapita, akasema, hiyo si ganda?
Tukaandika Ganda.

Nikakata kumi na mbili kwa vipimo vya karatasi yake,
mabega sawasawa kama ubao wa darasani.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Chinduli, mpakiaji ghala la chama.
Alivaa, akasimama mbele ya kioo changu chenye ufa,
na shati likakataa.
Kola ilikwenda upande. Pindo likashuka kushoto,
kifungo cha tatu kikatazama ukuta.
Akajivuta, akajinyoosha, akacheka kwa aibu:
"Labda mimi ndiye nimeshonwa vibaya."

Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile.

Nikachukua futi. Sikupima kifua, kifua hakina neno.
Nilipima kutoka ncha ya bega mpaka sakafuni,
kulia, kisha kushoto.
Tofauti kidole kimoja. Kwa Chinduli kidole na nusu.
Kila mwanaume hapa ana bega lake la gunia,
alilolichagua akiwa na miaka kumi na tano
bila kujua anachagua.

Usiku ule nilifumua yote kumi na mbili.
Likwata akahesabu hasara kwa sauti:
uzi, nauli, taa ya kukeshea.
"Na mtu akinunua Dar, Shangazi? Aliyenyooka?"
Avae, nikamwambia. Atashangaa kidogo.
Bega lake la kushoto litahisi kuna kitu
halijakibeba.

Nikaongeza na mfuko wa ndani, upana wa stakabadhi,
maana karatasi ile ikilowa jasho
wino unakimbia, na kilo zinakimbia nao.
Kifungo chake nilikishona mara mbili.
Mtu wa kangomba asikifungue kwa maneno matamu.

Mnada wa kwanza ulipita, pesa hazikuingia.
Wa pili ukapita.
Mashati thelathini yakabaki kwenye kamba
yakiipungia mikono barabara ya Newala.
Daftari la mkopo likanenepa:
Chinduli, Salfa moja. Nampala, Ganda mbili,
atalipa benki ikiamka.

Wiki mbili baadaye Chinduli akarudi.
Kifuani, doa jeusi la mafuta ya ganda la korosho,
lile ambalo sabuni hulisalimia tu na kupita.
Likwata akashika kichwa.
Lakini hakuja kulalamika.
"Hili limeshaenda kazini," alisema.
"Nipe lingine, la kukaa tu."

Nikampa Bibo Bivu. Akalivaa palepale,
akaegemea ukuta wangu wenye chokaa inayobanduka,
mikono mfukoni,
hana pa kwenda mpaka saa kumi.
Likwata akatafuta simu yake, haikuwa na chaji.

Mimi nikafungua daftari.
Chinduli, mawili sasa.